Chanda Chema Huvikwa Pete: Nadharia ya Utabia katika Mafunzo ya Watu Wazima Mtandaoni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi, na kwa muda mrefu kauli hii imetumiwa kuwakatisha tamaa watu wazima wanaotaka kurejea masomoni. Hata hivyo, wahenga hao hao walituachia kauli nyingine: elimu haina mwisho. Hapa nchini Kenya, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliidhihirisha kauli hii ya pili mwaka wa 2004 alipojiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Mzee Maruge alivaa sare, akaketi dawatini pamoja na watoto. Watu wazima wengi hawana nafasi ya kufanya hivyo. Mchana wako kazini, jioni wako na jamaa zao, na saa pekee wanayoweza kuitenga kwa masomo ni ile ya usiku, wakiwa na rununu au tarakilishi mkononi. Kwao, mafunzo ya mtandaoni ambayo kila mmoja huyafuata kwa kasi yake mwenyewe si anasa bali ndiyo njia ya pekee.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi nadharia ya utabia inavyoweza kutumiwa katika kuandaa mafunzo ya aina hiyo. Mfano utakaotuongoza ni mafunzo ya upatanisho wa kisarufi kwa watumishi wa umma. Mfano huu haukuchaguliwa kiholela. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, mbali na hadhi yake ya lugha ya taifa. Maana yake ni kwamba karani, muuguzi na afisa wa polisi wanatarajiwa kumhudumia mwananchi kwa lugha hii ipasavyo. Masomo ya kuwanoa watumishi hao yatahitaji waandishi, na waandishi wanaofaa ni sisi tunaokisomea Kiswahili na kukifundisha. Tusipojua misingi ya ujifunzaji, tutaishia kunakili vitabu vya sarufi na kuvipachika mtandaoni, kisha tutashangaa mbona hakuna anayefika ukurasa wa mwisho.

Hoja tunayoijenga ni moja. Nadharia ya utabia ina nguvu kubwa katika mafunzo ya mtandaoni, lakini nguvu hiyo haina macho: huimarisha tabia yoyote inayotuzwa, iwe njema au mbovu. Kwa hiyo, swali la kwanza la mwandaaji wa somo lisiwe "nitatoa tuzo gani?" bali "tuzo hii itaimarisha tabia ipi?"

Chimbuko la Nadharia ya Utabia

Nadharia ya utabia hushikilia kwamba kujifunza ni kubadilika kwa tabia inayoonekana, na kwamba mabadiliko hayo hutokana na uhusiano baina ya kichocheo, mwitiko na matokeo ya mwitiko huo. Mizizi yake ni mingi. Mrusi Ivan Pavlov aliwachunguza mbwa na kugundua kuwa mlio uliozoea kutangulia chakula uliweza, baada ya muda, kuwatoa mate hata chakula chenyewe kisipokuwapo. Nchini Marekani, Edward Thorndike aliwafungia paka katika masanduku yenye kitasa mwishoni mwa karne ya 19, akabaini kuwa kitendo kinachofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa, na kisichozaa kitu hufifia. Hii ndiyo kanuni ya athari. Mwaka wa 1913, John B. Watson aliipa nadharia hii jina na ilani yake, akidai kuwa saikolojia ishughulikie tabia inayoweza kushuhudiwa, wala si fikra zilizojificha kichwani.

Wengi humkumbuka Thorndike kwa paka wake, na kusahau kwamba mwaka wa 1928 yeye na wenzake walichapisha kitabu kizima kuhusu ujifunzaji wa watu wazima. Katika kitabu hicho walipinga imani kwamba akili ya mtu mzima imekwisha kukauka. Walionyesha kuwa uwezo wa kujifunza hupungua polepole mno kadiri umri unavyosonga, na kwamba mtu mzima hana sababu ya kujiona amechelewa. Ni dhahiri basi kuwa nadharia hii, inayodhaniwa kuwa ya wanyama na watoto, iliwajali watu wazima tangu mapema.

Aliyeipanua zaidi ni B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard. Skinner alitofautisha mambo ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Uimarishaji chanya ni kuongeza jambo la kupendeza baada ya tabia ili tabia hiyo irudiwe. Uimarishaji hasi ni kuondoa kero ili tabia iliyoiondoa irudiwe. Adhabu ni kuleta jambo la kuumiza, au kuondoa la kupendeza, ili tabia ikome. Uimarishaji hasi, kwa hivyo, si adhabu. Wahenga wetu waliigusa aina ya kwanza waliposema kuwa chanda chema huvikwa pete.

Kutoka Mashine ya Kufundishia hadi Rununu

Wazo la kujifunza kwa kasi ya mwanagenzi mwenyewe halikuzaliwa na intaneti. Mnamo mwaka wa 1912, Thorndike alikwisha kuwazia kitabu cha ajabu ambacho ukurasa wake wa pili usingeonekana mpaka msomaji awe ametekeleza maagizo ya ukurasa wa kwanza. Katika miaka ya 1920, Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio aliunda mashine iliyouliza maswali ya kuchagua jibu, na ambayo iliweza kutegwa isisonge mbele hadi jibu sahihi libonyezwe.

Skinner naye alilivalia njuga suala hili katika miaka ya 1950. Baada ya kulitembelea darasa la hesabu la bintiye mwaka wa 1953, alisikitishwa na mambo mawili: wanafunzi wote walilazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja, na hakuna aliyejua papo hapo kama jibu lake lilikuwa sahihi. Mashine aliyoibuni iligawa somo katika hatua ndogo ndogo, ikamtaka mwanafunzi aandike jibu lake mwenyewe, kisha ikamfunulia jibu sahihi mara moja. Skinner alisisitiza kuandika jibu badala ya kulichagua, kwa kuwa kutambua jibu lililo mbele ya macho si sawa na kulizalisha.

Wazo hili lilifika chuoni kupitia kwa Fred Keller, aliyeanzisha na wenzake mpango wa kujifunza kwa kasi binafsi katika Chuo Kikuu cha Brasilia, Brazili, mwaka wa 1964. Katika mpango wa Keller, mwanafunzi alisoma sehemu moja ya kozi, akafanya jaribio, na hakuruhusiwa kuendelea na sehemu iliyofuata kabla ya kuimudu ile ya kwanza. Akishindwa, hakupoteza alama yoyote. Alirudi kusoma na kujaribu tena. Anayeyatazama mafunzo ya mtandaoni ya leo, yenye moduli zinazofunguka moja baada ya nyingine, ataona kuwa ukurasa wa Thorndike umepatikana hatimaye.

Utaratibu huu usituonekanie mgeni kabisa. Katika fasihi simulizi yetu, kitendawili hufuata mkondo unaokaribiana nao. Mtegaji hutoa kichocheo, hadhira huitika kwa kutegua, na usahihi wa jibu hujulikana papo hapo. Mteguaji hachaguliwi majibu manne akanyoosha kidole. Hulitafuta jibu akilini mwake. Akishindwa, hatukanwi wala hafukuzwi barazani. Huombwa mji, hupewa jibu, na mchezo huendelea. Adhabu ni ya utani, na tuzo kubwa ni ile furaha ya kufumbua fumbo. Mwandaaji wa masomo ya mtandaoni ana mengi ya kujifunza kutoka barazani.

Mfano wa Somo: Ngeli ya KI-VI

Tuchukue karani anayesema, "Kitambulisho yako haijafika." Ujumbe umeeleweka, lakini upatanisho umevurugika. Karani huyu hahitaji mhadhara kuhusu historia ya ngeli. Tayari ana mazoea aliyoyajenga kwa miaka mingi, na kawaida ni kama sheria. Anachohitaji ni mazoea mapya yenye nguvu kuliko ya zamani. Nadharia ya utabia inatuelekeza kuyajenga hivi:

Hatua ya kwanza. Mwanagenzi anaona: "Kiti changu kimevunjika. Kikombe changu kimevunjika." Anajaza: "Kijiko ch_____ kimevunjika." Ni vigumu kukosea hapa, nayo ndiyo shabaha.

Hatua ya pili. Vidokezo vinapunguzwa: "Kisu ___angu ___mepotea." Anaandika viambishi, na papo hapo anaonyeshwa sentensi kamili.

Hatua ya tatu. Anapewa mizizi tu: "Kitabu (-ake) (-pya) (-mechanika)." Anaandika: "Kitabu chake kipya kimechanika."

Hatua ya nne. Hakuna kidokezo chochote: "Mwananchi amekuja kuchukua kitambulisho nacho hakijaletwa. Mwandikie sentensi moja ya kumjulisha." Akiandika "Kitambulisho chako hakijafika," ametenda kile hasa ambacho kazi yake inamdai.

Mchakato huu wa kuikaribia tabia inayolengwa kidogo kidogo tunaweza kuuita ufinyanzi wa tabia, na kule kupunguza vidokezo ni ufifishaji. Mfinyanzi hauachii udongo ghafla. Huutoa mkono taratibu chungu kinaposimama.

Somo halijakamilika bado. Mwanagenzi aliyeimarishwa vyema katika KI-VI ataanza kusema "kijana changu kimefika" au "kiongozi chetu kimesema". Wanautabia huita hali hii ujumuishaji: mwitiko uliofungamanishwa na kichocheo kimoja huenezwa kwa vichocheo vinavyofanana nacho. Tiba yake ni upambanuzi. Mwandaaji huvichanganya vichocheo vya aina mbili, kama vile kijiko, kijana, kisu, kinyozi, kitabu na kiongozi, na kumwimarisha mwanagenzi anapotumia upatanisho wa A-WA kwa nomino za viumbe hai na wa KI-VI kwa vitu. Kosa hapa si aibu. Ni dalili kwamba kanuni ya kwanza imekolea na ya pili imewadia.

Zoezi lenyewe lirudiwe kwa vipindi: leo, baada ya siku mbili, baada ya juma. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hatua fupi kama hizi zinamfaa pia mtu anayesoma kwa rununu akiwa safarini, ambaye bando lake ni dogo na muda wake ni wa dakika kumi. Anaweza kukatizwa wakati wowote na kuendelea alipoachia.

Pete Ivikwe Chanda Kipi?

Tumefikia kiini cha makala haya. Katika darasa la kawaida, mwalimu akiona mwanafunzi anaitikia bila kuelewa, humsimamisha na kumuuliza swali jingine. Mtandaoni mwalimu hayupo. Kilichopo ni mpangilio wa matokeo alioutega mwandaaji miezi kadhaa iliyopita. Mpangilio huo ukikosea, hakuna wa kuusahihisha.

Tuchunguze mafunzo ya lazima ambayo waajiri wengi huwatumia wafanyakazi wao. Mfanyakazi hufungua ukurasa, hubonyeza "endelea" mara thelathini, hubahatisha maswali matano ya kuchagua, kisha hupata cheti. Tabia gani iliyofuatwa na tuzo hapa? Si kusoma wala kufikiri, bali kubonyeza. Isitoshe, kilichomsukuma huenda kilikuwa jumbe za kumkumbusha zilizokuwa zikimkera kila asubuhi. Huu ni uimarishaji hasi: amemaliza ili kero iondoke, na kero ikiondoka, hana sababu ya kulirudia somo. Kanuni ya athari imefanya kazi barabara, ila imefunza kitu kisichokusudiwa. Pete imevikwa chanda kisichostahili. Anayeumia ni mwananchi atakayefika kwenye dirisha la huduma na kumkuta mtumishi mwenye cheti asiyeweza kumwambia kitambulisho chake kiko wapi.

Mfano mwingine ni programu ya Duolingo, ambayo ilianza kufunza Kiswahili kwa wazungumzaji wa Kiingereza mwaka wa 2017. Programu hii ina sifa nyingi za kiutabia: mazoezi mafupi, mrejesho wa papo hapo, alama, na hesabu ya siku ambazo mtumiaji amesoma mfululizo. Hesabu hiyo inasaidia kumrudisha mwanagenzi kila siku, na kurudi ni nusu ya safari. Hatari ni kuwa mtu anaweza kuilinda hesabu kwa kufanya zoezi jepesi tu kila usiku, akawa bingwa wa kutokosa siku bila ya kupiga hatua katika lugha.

Kutokana na hayo, tunapendekeza vigezo vitatu. Kwanza, tuzo ifuate utendaji unaolengwa, si uwepo. Hatua inayofuata ifunguke kwa sentensi iliyoandikwa sawasawa, si kwa ukurasa uliotazamwa. Pili, tuzo za nje zipunguzwe taratibu. Skinner na Charles Ferster walionyesha mwaka wa 1957 kuwa ratiba ya uimarishaji huathiri uthabiti wa tabia: inayotuzwa kila mara hufifia upesi tuzo zikikoma, ilhali inayotuzwa mara moja moja hudumu zaidi. Ratiba isiyotabirika, ambayo pia humfunga mcheza kamari, itumiwe kwa uangalifu, maana lengo letu ni kumkomboa mwanagenzi na wala si kumnasa. Tatu, tuzo kuu iwe matumizi yenyewe. Karani anayeona kwamba barua yake imeeleweka bila ya kurudishwa ana kiimarishi kinachoshinda alama elfu.

Mtu Mzima, Adhabu na Uahirishaji

Skinner aliipinga adhabu kwa kuwa huzima tabia kwa muda tu na kuzua ukwepaji. Onyo hili lina uzito wa pekee kwa watu wazima. Mtoto akiaibishwa darasani hana pa kukimbilia. Mtu mzima akiaibishwa mtandaoni huufunga ukurasa na asionekane tena. Huyu ni mtu anayeheshimika kazini na nyumbani. Kumwandikia "UMEKOSEA!" kwa wino mwekundu, au kuyabandika matokeo yake mbele ya vijana anaowasimamia, ni kumfukuza. Mrejesho mwema humwonyesha alipoteleza na kumpa nafasi nyingine, kama alivyofanya Keller.

Uhuru wa kasi nao una gharama yake. Katika mpango wa Keller, tatizo lililojitokeza mara kwa mara lilikuwa uahirishaji: wanafunzi walioachiwa mwendo wao walingoja hadi muhula ukaribie kwisha. Mtandaoni tatizo hili limekuwa kubwa zaidi. Uchunguzi wa kozi huria za mtandaoni za vyuo vya Harvard na MIT, uliochapishwa na Justin Reich na José Ruipérez-Valiente mwaka wa 2019, ulibainisha kuwa ni takribani asilimia 3 tu ya waliojisajili mwaka wa 2017/18 waliokamilisha. Ni kweli kwamba baadhi yao hawakunuia kumaliza. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno kupuuzwa. Ukiitazama hali hii kiutabia, utaona kuwa cheti kilicho miezi minne mbele ni tuzo ya mbali mno kuweza kuimarisha usomaji wa usiku wa leo. Dawa ni kuzigawa tuzo: sehemu fupi, tarehe za kati zisizo na adhabu, na mkufunzi au mwenzake wa kumjulia hali mwanagenzi kila juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Mipaka ya Nadharia

Haitakuwa haki kuisifu nadharia hii bila ya kuonyesha mipaka yake. Mwaka wa 1959, mwanaisimu Noam Chomsky alikihakiki kitabu cha Skinner kuhusu tabia ya lugha, akahoji kuwa vichocheo na miitiko haviwezi kueleza jinsi mtu anavyotunga na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Malcolm Knowles, aliyeshughulikia elimu ya watu wazima, alisisitiza kwamba mtu mzima huja na tajiriba yake na hutaka kujua kwa nini anajifunza jambo. Mbrazili Paulo Freire naye alikemea elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa chombo cha kuwekewa amana za maarifa ya mwingine.

Hoja hizi ni nzito, na mfano wetu unazithibitisha. Tunaweza kumzoesha karani kusema "kitambulisho chako hakijafika" bila ya kosa. Lakini ikiwa aliyesimama mbele yake ni mama mkongwe aliyetoka mbali kwa miguu, sentensi hiyo sahihi bado ni pungufu. Inahitaji shikamoo, inahitaji pole, inahitaji maelezo ya lini arudi. Kujua ni lini uongeze maneno hayo, na kwa nini, ni suala la busara. Busara hukuzwa kwa mazungumzo, kwa visa halisi, na kwa fasihi. Kwa hiyo, utabia utupe viungo vya msingi vya lugha vinavyopaswa kutoka bila ya kufikiriwa, kisha mijadala na kazi za pamoja zichukue nafasi yake. Asiyelazimika tena kuhangaika na viambishi ana nafasi akilini ya kumfikiria anayezungumza naye.

Hitimisho

Makala haya yameeleza chimbuko la nadharia ya utabia, yakaonyesha jinsi hatua ndogo, mwitiko wa kuandikwa, mrejesho wa papo hapo na tuzo zilizopangwa vyema zinavyoweza kumfaa mtu mzima anayejifunza peke yake mtandaoni. Yameonyesha pia kuwa nadharia hiyo hiyo, ikitumiwa bila ya tahadhari, huzalisha wabonyezaji wenye vyeti. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanahimizwa wasiwaachie mafundi wa programu kazi ya kuandaa masomo haya. Fundi anajua namna ya kuifunga pete kidoleni. Anayekijua chanda chema ni mwalimu wa lugha.